Shingo ya Jabali

Mbwa aliinuliwa kwa ngozi ya shingo mpaka akawa usawa wa macho ya Ratemo, na hakulia. Miguu yake minne ilining'inia, mkia nao ukaning'inia, na macho yakamtazama mzee bila ya kulaumu wala kuomba. Ratemo akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akamtikisa kidogo, na bado mbwa hakutoa hata mguno. Mzee akatabasamu. Kwao, tangu enzi za babu zake, mtoto wa mbwa hupimwa hivyo: akilia, huyo ni wa kulala jikoni na kuvizia ukoko, akinyamaza, huyo ni wa kulala langoni na kumngoja fisi.

"Mama Gulled," akasema, "hii iko na roho ngumu. Hii ndio nataka."

Alikuwa amesimama katika boma la ng'ombe pembezoni mwa mji wa Kisii, asubuhi moja ya mwaka 1951. Mwenye boma alikuwa Batuli, aliyeitwa Mama Gulled kwa jina la kifungua mimba wake, mjane wa Mohamednoor mchuuzi wa ng'ombe. Eda ilipokwisha, aliishika kazi ya marehemu kwa mikono miwili, na wale waliokuwa wakingoja kumwona akishindwa walichoka kungoja. Pamoja na ng'ombe, marehemu alimwachia mbwa wawili wakubwa wa Kizungu, dume na jike, wenye masikio yaliyosimama na migongo iliyoteremka nyuma, aliowapata kwa afisa mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Mbwa hao na wana wao walilinda boma na hawakukanyaga kizingiti cha nyumba, maana Batuli alikuwa mtu wa kuswali. Habari zao zilifika mpaka Nyakoe, ambako fisi walikuwa wamekwisha kula mbuzi wawili wa Ratemo. Ndipo mzee alipokuja kuomba mtoto mmoja.

Batuli alikuwa akimimina maji kwenye hori. Alipogeuka na kuona kilichokuwa mkononi mwa mgeni, ndoo ilimponyoka.

"Mshushe," akasema. "Mzee Ratemo, mshushe taratibu. Huyo si mtoto."

Ratemo akamshusha. Mbwa akalala kwa ubavu pale pale alipowekwa, akajaribu kuinua kichwa, kikakataa. Miguu haikujaribu lolote.

"Ana miaka miwili na ushei," Batuli akasema. Alikuwa amekwisha kuchuchumaa. "Hakukua, basi. Ndugu zake wa tumbo moja ni wale pale, wananifikia kiunoni. Huyu alibaki hivi, na manyoya yake ya utotoni, na sauti yake ya utotoni. Tulimwita Jabali kwa mzaha."

Ratemo akawatazama wale ndugu, kisha akamtazama Jabali. Sasa aliona alichopaswa kukiona mwanzo: meno makubwa yaliyokwisha kulika, na mabaka ya ngozi tupu mbavuni, mahali manyoya mororo yalipokuwa yameng'oka na mengine hayakuota.

"Mimi nilifikiri ni mtoto," akasema.

"Kila mgeni hufikiri ni mtoto," Batuli akamjibu. Ratemo akaona aibu.

Aibu ile ingekuwa ndogo kwa mtu mwingine. Ratemo alikuwa omobari, yaani mganga wa kupasua. Mtu akipigwa rungu katika ugomvi wa mipaka, na maumivu ya kichwa yakakataa kumwacha, aliletwa kwake. Naye alimketisha nyuma ya nyumba penye jua, akafungua ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa polepole mpaka ubaya uliokuwa chini yake ukapata pa kupumulia. Kazi hiyo alirithi kwa baba yake, na baba yake kwa baba yake. Zaidi ya vichwa, aliunga mikono na miguu, na kuzinyoosha shingo zilizopinda kwa kubeba mizigo. Mapadri hawakuipenda kazi hiyo, serikali ilijitia hamnazo, na watu wakazidi kuja. Ratemo alijua kwamba anajulikana, na alikuwa na mazoea ya kuinua vidole vyake viwili vya kulia na kusema kwamba macho hudanganywa na nguo na mafuta, lakini vidole hivi havijadanganywa na mtu tangu vizaliwe.

Vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyoishika shingo ya Jabali.

Jabali aliishi siku tatu. Batuli alimtilia maziwa mdomoni kwa kipande cha pamba kilichofungwa kwenye kijiti, na kila baada ya kumshika alikwenda kujitwaharisha, maana udhu ni udhu na huruma ni huruma. Siku ya tatu, Ratemo alipofika kumjulia hali, alimkuta Batuli ameketi juu ya kigoda, na mbwa yuko mbele yake, amefunikwa gunia. Batuli alikuwa akilia na hakuficha.

"Nilimpenda," akasema, huku akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Najua watasema mjane amepungukiwa na akili, analilia mbwa. Waache waseme."

Kiswahili chake Ratemo alikiokota katika vita vya kwanza vya Wazungu, alipokuwa hamali wa jeshi, kilikuwa Kiswahili cha kubeba na kutua, na hakikuwa na maneno ya kumliwaza mtu. Akaketi chini. Akauliza, "Baba na mama ya hii mbwa, wao wako sawa?"

"Wazima kabisa. Wale pale."

"Na wametoka nyumba moja?"

"Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Marehemu aliambiwa hivyo na yule afisa." Batuli akaendelea mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayehesabu jambo aliloliona siku nyingi bila ya kulihesabu. "Wamezaa mara tatu. Kila uzao umetoa mmoja wa namna hii, au wawili. Wote walikuwa wanatembea kilevi, wanajikwaa penye tambarare. Mmoja aliruka kutoka juu ya hori, siku njema kabisa, akaanguka wala hakuinuka. Hakuna aliyemgusa."

"Hakuna mtu alimvuta?"

"Hakuna."

Ratemo akahisi mzigo ukimshuka begani. Ni lazima isemwe, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: furaha yake ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Kama wengine walikufa bila ya kuguswa, basi kosa halikuwa la mkono wake. Akamwomba Batuli ampe maiti ya mbwa.

"Ya nini?"

"Nataka kuona mfupa ya shingo."

Batuli akaliondoa gunia. "Chukua," akasema. "Ukishaona, uje uniambie mimi kwanza."

Orpah, mkewe Ratemo, alikuwa Msabato wa kweli, asiyekula nguruwe wala kunywa chai ya majani. Katika miaka thelathini ya ndoa alikuwa amevumilia damu za watu nyuma ya nyumba yake, lakini siku ile alipoona kilichokuwa kikitokota katika chungu migombani, maji yalizidi unga.

"Chungu hicho hakirudi jikoni kwangu," akasema.

"Hakirudi."

"Na mkono wako usiguse ugali mpaka uoshwe kwa majivu."

"Utaoshwa."

Orpah akaenda zake, akimwombea mumewe kwa sauti, ili mumewe asikie anavyoombewa.

Nyama ilipoachana na mifupa, Ratemo aliipanga juu ya jani la mgomba kwa mpangilio wa shingo. Mifupa ya shingo hakuwa mgeni nayo, kwa kuwa alikuwa amechinja mbuzi na kondoo wasio na idadi, na hakuna hata mmoja aliyemla bila ya kumchungulia. Alijua kwamba mfupa wa kwanza chini ya kichwa ni pete. Alijua kwamba wa pili una jino linalochomoza mbele na kuingia ndani ya pete hiyo, likakaa humo kama mchi mdogo ndani ya kinu, na kwamba kwa sababu ya jino hilo kichwa hugeuka bila ya kung'oka, na ule uzi mweupe unaotoka ubongoni hupita salama nyuma yake.

Jino la Jabali lilikuwa peke yake. Lilikuwa limelala juu ya jani, dogo kuliko punje ya hindi, mbali na mfupa lililopaswa kuota juu yake.

Hapo ndipo Ratemo alipotaka kusema, nililivunja. Akalichukua, akalipitisha chini ya kidole. Mfupa uliovunjika huuma kidole, una chembe na ncha, hata ukichemshwa kutwa. Huu haukuuma. Ulikuwa laini pande zote, na mahali ulipopaswa kuungana palikuwa laini vilevile. Haukuwa umevunjika. Haukuwa umeungana siku yoyote. Mbwa aliyekomaa meno, aliyeishi miaka miwili, alikuwa na shingo ya mbwa aliyezaliwa jana, na kwa muda wote huo kichwa chake kilishikwa na mishipa na bahati.

Si mimi, Ratemo akawaza. Kisha wazo la pili likafuata la kwanza, nalo halikuwa na faraja. Ubaya ulikuwamo shingoni kabla hajaingia katika boma lile. Vidole vyake viliushika, vikautikisa, na havikumwambia lolote. Naye akauita ukimya ule ushujaa.

Siku ya Alhamisi angeletewa Kemuma.

Kemuma alikuwa binti wa Ogari wa Mosocho, na Ratemo alikuwa amemwona mara moja tu, kanisani, akiwa amekaa na watoto. Ogari alikuja mwezi uliopita kumweleza hali yake: binti hakurefuka, amebaki na kimo cha mtoto wa miaka minane, na sasa ameanza kujikwaa, vyombo vinamponyoka, mikono inakufa ganzi. Ogari aliamini kwamba kuna pingu shingoni, na kwamba pingu ikinyooshwa, mwili utakumbuka kukua. Ratemo alimwambia amlete. Kunyoosha shingo hakukuwa kazi ngumu. Mgonjwa hulazwa chali, mtu mmoja hukamata miguu, na Ratemo hukamata kidevu na kisogo, akavuta.

Usiku wa kuamkia Alhamisi hakupata usingizi wa maana. Alikuwa amekwisha kupita kwa Batuli na kumwambia alichokiona, naye Batuli alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi alikuwa anatembea na kifo chake shingoni, na sisi tunamcheka jina." Maneno hayo ndiyo yaliyokaa na Ratemo mpaka jogoo wakawika.

Ogari alifika jua lilipokwisha kupanda, na binti yake nyuma yake. Orpah akawatolea viti uani. Ratemo akaomba kuishika shingo ya Kemuma, akaipapasa kwa vidole viwili, taratibu, chini ya kisogo, kwa muda mrefu kuliko alivyopata kumpapasa mtu yeyote. Vidole havikumwambia kitu. Akavitoa.

"Ogari," akasema kwa lugha yao, "sitamvuta."

"Kwa nini?"

Ratemo alikuwa ametayarisha jibu. "Mikono yangu imezeeka. Siku hizi inatetemeka. Nisije nikakuharibia mtoto."

Alilisema kwa unyenyekevu, na halikuwa jibu jepesi kwake, maana maneno kama hayo yakishatoka uani hufika sokoni kabla ya mwenyewe. Lakini lilikuwa na faida mbili: lingemwokoa binti, na lingeilinda nyumba ya Ogari. Kila mtu alijua kwamba dada yake Kemuma, Loice, alikuwa ameposwa, na kwamba esigani alikuwa njiani. Esigani ni mshenga, ila kazi yake si ya kupeleka salamu tu. Huingia nyumba hadi nyumba akiuliza majirani: ukoo huu una kifafa? Una uchawi? Una ubaya gani unaofichwa? Neno moja la omobari, kwamba ubaya wa Kemuma ni wa kuzaliwa na umo katika damu, lingetosha kumrudisha esigani alikotoka.

Ogari alimsikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Pole, omogaka," akasema, kwa heshima anayostahili mzee. "Uzee hauna dawa. Basi kesho nitampeleka kwa mganga Momanyi, ng'ambo ya mto Gucha. Wanasema ana nguvu za fahali."

Ratemo akaona uongo wake umekwenda wapi. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na jani lililofungwa, akalifungua juu ya kigoda.

"Hii ni shingo ya mbwa," akasema. "Nilimwinua kwa mkono wangu, akafa. Tazama jino hili. Halikuunga. Alizaliwa hivyo, hakurefuka, akawa anajikwaa kama unavyoniambia binti yako anajikwaa. Sijui kama ya Kemuma ni hiyo. Vidole vyangu haviwezi kujua, na vya Momanyi haviwezi. Lakini kama ndiyo, atakayemvuta atamuua."

Ogari hakuitazama mifupa. Uso wake ulikuwa umekazana. "Nimekuletea mwanangu," akasema polepole, "unanionyesha mbwa."

"Ndiyo."

"Na esigani akikuuliza, utamwonyesha mbwa?"

"Ogari, mimi..."

"Ukisema ni wa kuzaliwa, unajua umesema nini? Umesema mimi na mama yake ndio tuliomharibu. Umesema Loice naye amebeba. Nani atamtaka Loice?"

"Wale mbwa wengine walikuwa wazima," Ratemo akasema. "Wazazi pia. Wengine hubeba na hawaumwi. Wana wa Loice watakuwaje, sijui, na sitakwambia najua."

Orpah, aliyekuwa akipeta wimbi karibu na mlango, aliacha kupeta.

"Naomba nione," ikasema sauti nyingine.

Wote wawili waligeuka. Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, na Ratemo akagundua kwamba tangu wageni wafike hakuwa amesema neno hata moja na mwenye shingo. Aliipapasa, akaizungumzia, akaigombania, na mwenyewe alikuwa ameketi pale, miguu haifiki chini, akisikiliza. Haya zikampanda mpaka masikioni.

Akakichukua kigoda na mifupa juu yake, akakiweka mbele ya Kemuma, na kwa kuwa hakukuwa na kiti kingine karibu, akachuchumaa.

"Una umri gani?" akamwuliza.

"Kumi na minane."

Kwa karibu, uso ulikuwa wa mtu mzima. Kulikuwa na mistari miwili myembamba pembezoni mwa macho, ya mtu aliyekwisha kutazama mambo mengi bila ya kuulizwa ameyaonaje. Kemuma akaokota lile jino, likamponyoka, akaliokota tena kwa mkono mwingine.

"Huyu mbwa alikuwa na umri gani?"

"Miaka miwili. Kwa mbwa, ni mtu mzima."

"Nawe ulimwinua."

"Nilimdhania mtoto."

"Alilia?"

"Hakulia."

Kemuma akaligeuza jino, akaliweka juu ya mfupa wake, mahali lilipopaswa kuwa, akaliondoa, akaliweka tena. "Huenda alitaka kulia," akasema.

Katika maisha yake Ratemo alikuwa amefungua vichwa vya watu waliofungwa kwa kamba wasitikisike, na alikuwa amejisifu kwamba wengi wao hawakupiga kelele. Sasa hakujua tena sifa ile ilikuwa ya nani.

"Nikiachwa hivi, itakuwaje?" Kemuma akauliza.

"Sijui vizuri. Usibebe kitu kichwani. Usikubali mtu akushike shingo, hata kwa mchezo, hata mimi. Ukiona miguu inazidi kulegea, hospitali ya serikali pale mjini ina mashine ya kupiga picha mifupa, ingawa sijui watakufanyia nini wakishaiona."

"Kwa hiyo inaweza kukaa hivi."

"Inaweza kukaa. Inaweza isikae."

Kemuma akaitikia kwa kichwa, kidogo tu. Kisha akamgeukia Ogari.

"Tata," akasema, kama wasemavyo Wakisii kumwita baba, "siendi kwa Momanyi."

Ogari alikuwa mtu mpole, na katika miaka yote ile alikuwa amemfanyia binti yake kila alichokijua, pamoja na kumpeleka kwa shangazi yake huko Nyamira kila wageni wa heshima walipotarajiwa nyumbani.

"Jumapili wanakuja watu wa Loice," akasema hatimaye. "Nilikuwa nimekwisha kumtumia shangazi yako habari."

"Najua. Loice aliniambia. Alilia." Kemuma akaishusha ile mifupa juu ya jani, mmoja mmoja, kwa mpangilio alioukuta. "Siendi Nyamira pia. Wakifika, mimi ndiye nitakayewanawisha mikono."

Kuku mmoja alikuja akadonoa wimbi lililomwagika karibu na miguu ya Orpah, naye hakumfukuza. Ratemo aliendelea kuchuchumaa pale alipokuwa, magoti yakimwuma, na hakuona kwamba ilikuwa haki yake kuinuka kabla Ogari hajajibu.

Ogari aliutazama uso wa binti yake. Aliutazama muda mrefu, na ilionekana kana kwamba alikuwa na kazi ya kuutafuta. Kisha akaitazama mikono yake, ile mikono midogo iliyokuwa imelala mapajani, mmoja ukiwa umekunjika kidogo na haukunjuki.

"Birika ni zito," akasema. "Utaweza kulibeba?"

"Nitalijaza nusu," Kemuma akasema.